Mfanyabiashara anavyoweza kujichorea ndege wa nembo yake

MTOTO anapotumwa dukani Busia, Namanga au Mutukula, mara nyingi hatajiwi jina la kampuni iliyosaga unga. Anaambiwa alete “ule wenye ndege”. Mnunuzi wa upande mmoja wa mpaka huenda anazungumza Kiswahili, wa upande wa pili Kiganda au Kijaluo, na wapo wasiosoma lugha yoyote, lakini picha iliyo kwenye mfuko wote wanaijua. Kwa mfanyabiashara mdogo anayevusha bidhaa zake, picha hiyo ni jina lake la pili, na kwa wateja wengine ndilo la kwanza.

Kinachosikitisha ni namna picha hizo zinavyopatikana. Mwenye biashara anamwona ndege mzuri kwenye simu, anamtuma kwa mchapaji kwa WhatsApp, mchapaji anamnyoosha mpaka aenee kwenye kiroba cha kilo 25, na ndege anatoka na kingo zenye meno kama msumeno. Msimu unaofuata mzigo unafungwa ng’ambo ya mpaka, kwa mchapaji mwingine, naye anasema faili haifai, achorewe upya. Anachorewa. Ndege wa pili ana mdomo mrefu zaidi na rangi iliyopauka. Baada ya misimu mitatu bidhaa moja ina ndege watatu, na mnunuzi aliyekuwa akiamini macho yake anaanza kuuliza ni yupi wa kweli na ni yupi wa kuigiza.

Tatizo hili halihitaji msanii mwenye kipaji. Linahitaji kompyuta ya kawaida, programu isiyolipiwa, jioni mbili au tatu za utulivu, na ndege wa katuni aliye rahisi kiasi kwamba hata mtu asiyejua kuchora anaweza kumtengeneza kwa duara na pembetatu.

Vijiraba na hesabu

Picha ya simu ni mkusanyiko wa vijiraba vidogo vya rangi vinavyoitwa pikseli. Idadi yake haiongezeki kwa sababu tu picha imevutwa. Picha yenye pikseli 600 kwa upana ikichapwa kwenye stika ya sentimita 5 inatoka safi. Picha hiyohiyo ikinyooshwa ifikie upana wa mita moja kwenye bango la duka, kila pikseli inakuwa kijiraba cha zaidi ya milimita moja na nusu, na jicho linayaona yote 600.

Mchoro wa vekta hufanya kazi kwa njia nyingine. Kompyuta haitunzi vijiraba, inatunza maelekezo: hapa pana duara, kitovu chake ni hiki, upana wake huu, rangi yake hii. Mwenye mchoro akitaka ukubwa wa kifuniko cha chupa au wa ukuta wa ghala, hesabu inapigwa upya na kingo zinabaki laini. Faili yenyewe huwa nyepesi, na mara nyingi ndege rahisi wa vekta ni mwepesi kuliko picha moja ya kamera ya simu.

Hesabu za mistari iliyopinda zilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, kila mmoja kwa upande wake, walitafuta namna ya kueleza mapindo ya bodi ya gari kwa hesabu. Mistari hiyo leo inaitwa kwa jina la Bézier. Mwaka 1987 kampuni ya Adobe ilitoa Illustrator, programu ambayo imekuwa ya kawaida kwa wabunifu wengi, na miaka miwili baadaye ikaja CorelDRAW, inayoonekana mpaka leo katika vibanda vingi vya uchapaji. Zote mbili zinauzwa.

Inkscape haiuzwi. Ilianza mwaka 2003, inatengenezwa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, na mtu yeyote anaruhusiwa kuipakua, kuitumia kwa biashara na kumgawia mwenzake bila kuvunja sheria. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na hutunza michoro kwa muundo wa SVG ambao kanuni zake zilitangazwa rasmi mwaka 2001. Anayeogopa kwamba kitu cha bure ni hafifu na ajue kuwa kwa kazi ya nembo ya unga, asali au sabuni, programu hii ina vifaa vingi kuliko atakavyowahi kuvigusa.

Kwamba maduara yanatosha kumtengeneza ndege si porojo. Mwaka 2012 kampuni ya Twitter ilitoa nembo mpya ya ndege wake wa buluu, na mapindo yote ya mwili wake, kuanzia kifua mpaka ncha za manyoya ya bawa, yalikuwa vipande vya maduara yaliyopandana. Ndege huyo alitambulika duniani kote kwa rangi moja tu, bila jicho wala miguu, mpaka Julai 2023 kampuni ilipomwondoa na kuweka herufi X.

Mwili kwanza

Chukua mfano wa mwanamke anayesaga unga wa muhogo na kuuza pande mbili za mpaka. Ameamua ndege wake awe mnene, mchangamfu, anayetazama kulia, upande ambao macho ya msomaji wa maandishi yetu yanaelekea. Anafungua ukurasa mtupu na kuchagua kifaa cha duara. Akivuta kipanya anapata umbo la yai. Akivuta huku ameshikilia kitufe cha Ctrl, programu inamsaidia kupata duara kamili. Yai kubwa lililolala linakuwa mwili. Duara dogo juu yake, upande wa kulia, linakuwa kichwa. Anayachagua yote mawili na kutumia amri iitwayo Union iliyo kwenye menyu ya Path. Papo hapo yai na duara vinakuwa kitu kimoja chenye ukingo mmoja.

Hapa wengi huharakisha, na hapa ndipo ndege anapopata au kukosa uhai. Pale kichwa kilipokutana na mgongo pamebaki kona kali, kama kibonge cha ugali kilichobandikwa juu ya kingine. Mchoraji anachukua kifaa cha kuhariri nukta. Ukingo wa ndege unaonyesha nukta chache, na kila nukta kwenye pindo ina vijiti viwili vya kushikia, kama mikono. Kijiti kikivutwa, mstari unapinda kukifuata. Kwa kuilainisha nukta ya shingoni na kuvuta vijiti vyake taratibu, kona inageuka kuwa shingo. Nukta zikiwa chache mstari huwa mtulivu, zikiwa nyingi ndege huwa na matuta. Ni kazi ya subira kuliko ustadi, na amri ya kurudi nyuma, Ctrl na Z, husamehe kila kosa.

Bawa ni yai jingine dogo, lililobadilishwa kuwa njia kwa amri ya Object to Path, kisha nukta yake ya nyuma ikafanywa kali na kuvutwa nje hadi umbo likafanana na tone la maji lililolala. Tone hilohilo likinakiliwa mara mbili kwa Ctrl na D, likapunguzwa na kuzungushwa kidogo kila mara, linatoa mkia wa manyoya matatu bila kuchora kitu kipya. Mdomo ni pembetatu. Ukiwa mfupi na mpana ndege huonekana kifaranga, ukiwa mrefu huonekana mvuvi wa ziwani, na ukipindishwa ncha kwenda chini amekuwa mwewe, ambaye labda si picha nzuri kwa muuza vifaranga.

Jicho lina mambo yake. Duara jeusi, na ndani yake duara dogo jeupe lililosogezwa juu kuelekea mdomoni, linatosha kabisa. Hilo tundu jeupe ndilo nuru ya jicho. Likiondolewa ndege anaonekana mfu. Jicho kubwa lililo karibu na mdomo humfanya ndege aonekane mchanga na mpole. Kijimstari cha mshazari juu ya jicho, kikishuka kuelekea mdomoni, humfanya awe na hasira. Wapo waliochapa viroba vizima vya ndege mwenye hasira bila kukusudia.

Miguu ni mistari miwili yenye vidole vitatu vitatu. Mistari hii ina mtego wake. Programu inaweza kuwa imepangwa isibadilishe unene wa mistari mchoro unapopanuliwa, na hapo ndege mkubwa wa bangoni anabaki na miguu myembamba kama sindano. Tiba yake ni amri ya Stroke to Path, inayogeuza mstari kuwa umbo lenye unene wake, ili miguu ikue pamoja na mwili.

Wengine wataona njia ya mkato. Inkscape ina amri ya Trace Bitmap inayoweza kuigeuza picha ya kawaida kuwa vekta kwa sekunde chache. Kwa mchoro safi wa kalamu kwenye karatasi nyeupe, uliopigwa picha kwenye mwanga mzuri, amri hiyo inasaidia kweli. Kwa picha ya ndege iliyookotwa mtandaoni huzaa mamia ya nukta zisizo na mpangilio, na kubwa zaidi, haibadilishi mwenye picha. Ndege wa mtu akipitishwa kwenye mashine anabaki ndege wa mtu.

Kila rangi na gharama yake

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Mifuko ya karatasi na ya kitambaa iliyoshika nafasi yake huchapwa sana kwa skrini, njia ambayo kila rangi huhitaji skrini yake na mpito wake wa wino. Ndege wa rangi mbili anachapwa mara mbili. Ndege wa rangi sita, mwenye vivuli vinavyofifia kutoka njano kwenda nyekundu, anapendeza kwenye kompyuta na kumtia hasara mwenye mzigo. Mfanyabiashara makini huanza na rangi moja au mbili, na anayetaka kumjaribu ndege wake humweka mweusi mtupu kwanza. Asipotambulika akiwa mweusi, rangi haitamwokoa.

Kipimo cha pili ni udogo. Ndege apunguzwe mpaka sentimita 2, achapwe kwenye karatasi ya kawaida, kisha karatasi ibandikwe ukutani na kutazamwa kutoka upande wa pili wa chumba. Kama jicho limeungana na mdomo, lisogezwe. Mistari myembamba kama uzi iondolewe pia, kwa sababu kiroba kilichofumwa kina uso wa mikwaruzo na wino haufiki kila mahali. Na kwa kuwa lugha yetu imempa kiumbe na chombo jina moja, si vibaya kumwuliza mpita njia anaona nini: yapo mabawa yaliyonyooka kiasi kwamba “unga wa ndege” ukaitwa unga wa eropleni.

Rangi za skrini ya kompyuta ni mwanga, rangi za mchapaji ni wino, na hazilingani kamwe. Buluu na kijani kinachong’aa ndizo zinazodanganya zaidi. Njia ya uhakika kwa mtu anayechapa Arusha mwezi huu na Nairobi mwezi ujao ni kubeba kipande cha mfuko uliotoka vizuri na kumwekea mchapaji mezani, rangi ifuate kipande hicho. Jina la bidhaa lililo chini ya ndege nalo ligeuzwe kuwa njia, kwa Object to Path ileile, kabla ya kutumwa. Mchapaji asiye na aina hiyo ya herufi hataweza kuibadilisha bila kujua. Nakala yenye maandishi yanayoharirika ibaki nyumbani.

Kwa mchapaji wa mifuko hupelekwa PDF. Kwa anayekata stika kwa mashine ya kisu vekta ni lazima, kwani kisu kinafuata mstari, hakifuati pikseli. Mchonga mihuri atataka ndege mweusi wa rangi moja. Wote hawa wanatolewa kwenye faili moja ya SVG, na faili hiyo ndiyo mali. Inafaa ikae kwenye kompyuta, kwenye diski ndogo ya kubebeka na kwenye barua pepe ya mwenyewe. Akiyeyuka mchapaji na simu yake isipatikane, ndege hapotei naye.

Ndege yupi, na wa nani

Ukanda huu una ndege waliokwisha kuchukuliwa na historia. Korongo mwenye taji yupo kwenye bendera na nembo ya taifa ya Uganda, na alama za taifa si kitu cha kujisajilia kwenye pakiti ya chai. Jogoo ni ishara ya KANU, chama kilichoitawala Kenya kuanzia uhuru hadi mwaka 2002, na mnunuzi mwenye umri atamkumbuka. Bundi katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ni mleta mikosi; kumweka kwenye dawa ya mtoto ni kujitafutia hasara. Njiwa, kanga, chiriku, mnana, mdiria: orodha ya waliobaki ni ndefu, na mtu anayemwona ndege fulani kila asubuhi shambani kwake humchora vizuri zaidi kuliko anayemkisia.

Kisha linakuja swali la umiliki. Aliyemchora ndege mwenyewe ana faili ya kazi yake na hadaiwi na mtu. Aliyemlipa mchoraji na adai vitu viwili kabla ya malipo ya mwisho: faili ya SVG au ya programu iliyotumika, na karatasi iliyosainiwa kwamba haki za mchoro zimehamia kwake. Risiti ya “kazi ya dizaini” haisemi hivyo. Bila karatasi hiyo, siku bidhaa ikishika soko, mchoraji anaweza kujitokeza na madai, na ubishi wa namna hiyo huchelewesha mzigo kuliko foleni yoyote ya malori.

Hata mwenye karatasi zote ana mpaka mwingine wa kuvuka. Soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki limeondoa ushuru kwa bidhaa za ndani zenye cheti cha uasilia, lakini usajili wa alama ya biashara bado unakwenda nchi kwa nchi. Ndege aliyesajiliwa BRELA analindwa Tanzania Bara. Zanzibar ina wakala wake, BPRA. Kenya ni KIPI, Uganda ni URSB, Rwanda ni RDB. Mfanyabiashara wa Kagera anayeuza zaidi Uganda kuliko nyumbani ana kila sababu ya kuisajili alama yake Kampala pia, kwani huko ndiko inakoweza kuigwa. Ada inauma, hilo halifichiki, na wadogo wengi watalazimika kuchagua nchi moja ya kuanzia. Basi iwe ile yenye wateja wengi, hata kama si ile aliyozaliwa.

Msajili hauliza picha peke yake, huuliza pia itawekwa kwenye bidhaa gani, na bidhaa zimegawanywa katika madaraja 45 yanayotumika kimataifa. Vifaa vya karatasi kama madaftari viko daraja la 16, mafuta ya kupikia la 29, unga la 30. Ndiyo maana nchini Kenya jina Kasuku limekuwa kwenye daftari za wanafunzi na kwenye mafuta ya kupikia, bila mnunuzi kuchanganya moja na jingine. Mwenye ndege wa unga anaweza kumkuta ndege anayefanana naye kwenye vitabu vya msajili na bado akapata nafasi, kama yule mwingine yuko kwenye sabuni. Akimkuta kwenye unga, atalazimika kurudi mezani kubadilisha kichwa, mkia au ndege mzima. Kwa mwenye faili ya vekta hiyo ni kazi ya jioni moja, ili mradi upekuzi kwa msajili umefanyika kabla viroba 1,000 havijapita kwenye wino.